Mashabiki hawaharibu hadithi, ila waandike kwa wino na kwa penseli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niijibu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita, ambayo mwandishi wake aliwashutumu wasomaji wanaoziendeleza hadithi za watu wengine na kubishana mchana kutwa juu ya umri wa mhusika asiyepata kuzaliwa, akisema kuwa wanapoteza wakati na juu ya hayo wanaziharibu kazi za wenyewe. La kupoteza wakati simbishii, maana hata bao lina wachezaji wake na hakuna anayewaandikia makala. La kuharibu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mchezo huu una umri mkubwa kuliko anavyodhani. Mwaka 1911 huko Oxford, Ronald Knox, ambaye baadaye alikuwa padri, aliwasomea wenzake insha juu ya Sherlock Holmes, akizipekua hadithi za mpelelezi huyo kwa mbinu zilezile ambazo wataalamu wa siku zile walizitumia kuipekua Biblia. Alikusudia kuwadhihaki wataalamu hao, lakini wasomaji waliupenda mchezo wenyewe wakaushika kwa dhati, hata mwaka 1934 Christopher Morley na wenzake wakaunda chama chao New York. Mpaka leo hadithi 60 za Holmes alizoziandika Arthur Conan Doyle huziita Kanoni, yaani orodha ya vitabu vinavyokubalika, neno walilolitoa kanisani bila haya.

Na kazi ya kufanya ilikuwepo tele, kwa sababu Doyle alikuwa mwandishi hodari lakini hakuwa mwangalifu. Katika kitabu cha 1887 Daktari Watson, rafiki wa Holmes na msimulizi wa visa vyake, alipigwa risasi ya bega vitani Afghanistan. Katika kile cha 1890 jeraha linamuuma mguuni. Jina lake ni John H. Watson, lakini katika hadithi moja ya 1891 mkewe mwenyewe anamwita James. Msomaji wa kawaida atasema mwandishi alisahau, na atakuwa amesema kweli, lakini sheria ya mchezo inakataza jibu hilo: Watson huhesabiwa kuwa mtu aliyeishi na kuandika aliyoyaona, naye Doyle ni wakala wake tu wa kumtafutia wachapishaji. Basi ndipo Dorothy Sayers, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, alipopendekeza kwamba ile H ni Hamish, jina ambalo kwa Waskoti ndilo James, na kwamba mke alikuwa akimwita mumewe kwa jina lake la kati. Hakufuta neno hata moja la Doyle. Alilisoma kwa makini kuliko Doyle alivyoliandika, na sioni uharibifu uko wapi hapo.

Palipo na hatari ni mahali pengine, ambapo mwandishi wa makala hakupagusa. Waulize mashabiki wa Holmes alizaliwa lini, nao watakujibu bila kusita: tarehe 6 Januari 1854. Doyle hakuiandika tarehe hiyo popote. Mwaka umetokana na hadithi ya matukio ya Agosti 1914, ambamo Holmes, akiwa amejibadilisha sura, anaelezwa kuwa mtu wa miaka 60. Siku yenyewe ina ushahidi mwembamba zaidi, mojawapo ukiwa ni kwamba katika kisa kinachoanza tarehe 7 Januari Holmes amekaa na kifungua kinywa chake bila kukigusa, kwa hiyo, wakasema, usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa na sherehe. Ni dhana tamu, nami naipenda, lakini imerudiwa mara nyingi mpaka imevaa nguo za matini, na kijana anayeingia mchezoni leo hana njia ya kujua lipi alilisema mwandishi na lipi lilizaliwa mezani kwa mashabiki. Sisi watu wa pwani, ambao tangu chuo cha Kurani tumefundishwa kuuliza msimulizi kaipata habari kwa nani, naye huyo kaipata kwa nani, tulipaswa kuliona tatizo hili upesi.

Nalisema kwa kuwa limetufika. Hapa Tanga tuko watu saba tunaokutana Jumamosi baada ya alasiri, tukitunga visa vipya vya Bwana Msa, yule mpelelezi mvuta kiko aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka 1960, na ambaye undugu wake na Holmes haufichiki. Hatuuzi wala hatuchapishi, tunasomeana tu. Miaka mitatu iliyopita mwenzetu mmoja aliandika kwamba kiko kile Bwana Msa alikinunua kwa baharia wa Kihindi bandarini, nasi tukafurahi, tukaendelea kukitaja katika visa vyetu. Mwaka huu akaja mgeni, akatunga kisa ambamo kiko ni zawadi ya shemeji, akakaripiwa na watu watatu kwamba hajasoma vitabu. Kijana wa watu akanyamaza, akaenda kuvisoma vyote, akarudi na orodha ya kurasa. Baharia hayumo. Mmoja wa waliokaripia, naona haya kusema, ni mimi.

Tangu siku hiyo tuna daftari. Lililomo vitabuni huandikwa kwa wino mweusi pamoja na ukurasa wake; tulilokubaliana wote huandikwa kwa wino wa buluu pamoja na jina la aliyelileta; dhana ya mtu mmoja ni penseli, na yeyote anaruhusiwa kuipinga kwa kisa kilicho bora zaidi. Ubishi haukupungua, labda umezidi, lakini sasa kila mtu anajua anabishana na nani: na marehemu Abdulla au na jirani yake barazani. Kama mwandishi wa makala ana hofu ya kweli juu ya kazi za wenyewe, angewadai mashabiki daftari la namna hii badala ya kuwataka waache.

Baharia yumo kwenye daftari kwa penseli. Mwenyewe aliyemtunga ameomba apandishwe kwenye buluu, shemeji naye ana watetezi wawili, na shauri hilo tutalikata Jumamosi ijayo.

Mwalimu mstaafu,
Tanga