Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wamiliki wa Majengo ya Ofisi, Dodoma

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati, ziara ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na semina ya kodi ya zuio, ile ya asilimia 10 ambayo mpangaji huikata kwenye pango, mnavifahamu, sitavirudia. Wanachama tupo 47, waliolipa ada ni 19, na waliofika mkutano wa Machi ni 11, wawili wao wakiaga mara tu baada ya chakula.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kutumia shilingi milioni 6.4 za akiba ya chama kuigawa ghorofa ya tatu ya jengo la mwenzetu iwe vyumba vidogo na meza za kupangishwa kwa siku. Imesemwa kwamba mwenye jengo ni shemeji yangu. Ni kweli, na nilitamka hivyo kikaoni kabla ya kura, muhtasari upo. Jengo lilichaguliwa kwa kuwa lina mkongo wa intaneti na jenereta, na ghorofa hiyo ilikaa tupu miezi 14, hadi jua likafuta namba ya simu kwenye bango la "Ofisi Inapangishwa".

Wapo wanaosubiri mpangaji wa ghorofa nzima, kama ilivyokuwa baada ya tangazo la Serikali kuhamia hapa mwaka 2016, dalali akipiga simu rangi haijakauka. Leo wizara zina majengo yake Mtumba, na vijana wanaotengeneza programu za kompyuta wanakuja ofisini Jumanne na Alhamisi, siku nyingine wanafanyia kazi nyumbani. Huko San Francisco, Marekani, kwenye kampuni kubwa za teknolojia, jengo la ghorofa 22 katika mtaa wa California, lililokadiriwa dola milioni 300 mwaka 2019, liliuzwa mwaka 2023 kwa takriban milioni 60. Niliyasema haya Machi. Waliolalamika baadaye kwenye WhatsApp hawakuwepo.

Mjumbe mmoja alinitajia, kama onyo, WeWork, kampuni ya Marekani ya kupangisha ofisi, iliyoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2023. Hao walipanga majengo ya watu kwa mikataba mirefu, wakayapangisha kwa muda mfupi; sisi hatudaiwi pango na mtu.

Meza 9 kati ya 14 zina wapangaji, ingawa Ijumaa nilipopita nilikuta mtu mmoja na feni tatu zikizunguka. Chama kimesharejeshewa milioni 1.1, na iliyobaki itakatwa kwenye mapato ya meza hizo kila mwezi.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza ghorofa nyingine, safari hii kwa mwanachama asiye ndugu yangu. Ada ya shilingi 60,000 ipelekwe kwa mhazini, si kwangu.

Mwenyekiti