Matterhorn kwa safari ya siku moja? Soma hii kabla hujalipa

Wateja wengi wanatuandikia kitu kilekile, tuko Geneva siku tatu, tupelekeni Matterhorn, ule mlima wa Uswisi, asubuhi turudi jioni. Kuwapeleka tunaweza, ila jamani hesabu haikubali. Kutoka Geneva unabadilisha treni pale Visp afu unapanda bonde mpaka Zermatt, mji ulio chini ya mlima, karibu masaa manne, unafika mchana, na mchana ndo mlima unajifunika. Jua likishapasha mabonde hewa yenye unyevu inapanda juu inageuka mawingu, na hata siku ambayo mbingu ni safi kabisa kuna wingu linaning'inia upande mmoja wa kilele kama bendera. Watu wa Moshi hili mnalijua, Kibo unaiona alfajiri, ukichelewa imeshaingia ndani.

Kiangazi kilichopita tulimpeleka mama mmoja kutoka Dar, kakaa masaa matatu anatazama ukungu, karudi na picha za saa na chokoleti tu. Iliniuma sana, na toka siku hiyo tunamwambia kila mtu: lala Zermatt, hata usiku mmoja.

Unaamka kabla jua halijachomoza, unatembea mpaka daraja la karibu na kanisa, Kirchbrücke, unasimama kimya. Mwanga unaanza kwenye ncha, rangi ya chungwa, unashuka taratibu ukuta wote wa mashariki, kilele cha mita 4,478 kiko mbele yako. Sijawahi kuzoea.

Baada ya chai ndo treni ya kupanda mlima wa jirani, Gornergrat, ipo toka 1898, inafika mita 3,089. Wakati wa kushuka teremka kituo cha Rotenboden, tembea kidogo mpaka ziwa la Riffelsee, kama hakuna upepo mlima unauona mara mbili, juu na kwenye maji. Ila tiketi hatukukatii jana yake, asubuhi tunaangalia kwanza kamera za mlimani kwenye intaneti, maana bei si ndogo na ukungu haurudishi hela.

Wenye gari, Zermatt magari ya petroli hayaingii, unaliacha kijiji cha jirani, Täsch, unamalizia na treni dakika 12 hivi. Na wanaotaka kebo, lile gari la kwenye waya, linalofika mita 3,883 juu, huko hewa ni nyepesi, usikimbie ngazi, wenye presha wamuone daktari kwanza.

Ukituandikia tuambie mtalala Uswisi siku ngapi na kama mna mzee au mtoto mdogo, tutapanga kuanzia hapo.