Shida peke yake haiundi injini

Mhariri, salaam sana. Kuna hii kauli inayorudi rudi kwenye kurasa za maoni kwamba vijana wetu hawabuni vitu kwa sababu hawajabanwa na shida vya kutosha, eti Wazungu walibanwa na baridi ndo wakaunda mashine. Jamani! Kama shida ndo ingekuwa inaunda mitambo si huku kwetu tungeshajaza dunia.

Tuchukue injini ya mvuke manake ndo hiyo hutajwa kila siku. Kwamba mvuke unaweza kuzungusha kitu lilijulikana zamani, Heron wa Alexandria kule Misri alishaeleza tufe linalozungushwa na mvuke tangu karne ya 1, likabaki mchezo tu. Ndo mwaka 1712 Thomas Newcomen, muuza vyuma wa mji wa Dartmouth huko Uingereza, akafunga injini yake karibu na Dudley ivute maji mgodini. Ile injini ilikuwa inakula makaa balaa, sehemu nyingine ingemfilisi mwenye nayo, ila pale ilikaa juu ya mgodi wa makaa yenyewe, wanachoma zile chenga zisizouzika, kwahiyo ulafi wake haukumuuma mtu na mafundi wakapata miaka ya kuizoea na kuirekebisha. Kwangu mimi hilo ndo kubwa kuliko yote, kitu kibovu kilipata pa kuishi.

Halafu anakuja James Watt ambaye wengi wanadhani aliamka tu asubuhi akaona birika linachemka. Huyu alikuwa fundi wa vipimo, akapewa modeli ya injini ya Newcomen ya Chuo Kikuu cha Glasgow aitengeneze, akagundua silinda inapashwa moto na kupozwa kila mzunguko, makaa yanapotea bure. Wazo la kuupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni alilipata 1765. Hataza, yani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasiige ubunifu wake, akapata 1769. Injini zikaanza kazi mwaka gani? 1776! Hapo katikati mfadhili wake wa kwanza John Roebuck alifilisika, akaja Matthew Boulton wa Birmingham akabeba mzigo, na bado silinda zilikuwa hazinyooki, mvuke unavuja pembeni ya pistoni, mpaka John Wilkinson aliyekuwa anatoboa mizinga ya vita ndo akaweza kutoboa silinda iliyokaa sawa. Yani bila mafundi wa mizinga Watt angebaki na mchoro wake mkononi. Na wateja hawakutakiwa kuja na hela yote, walilipa theluthi moja ya thamani ya makaa waliyookoa kulinganisha na injini ya Newcomen, ndo maana migodi ya shaba na bati ya Cornwall, hukohuko Uingereza, ambako makaa yaliletwa kwa meli na bei iko juu waliichangamkia. (Bunge nalo liliirefusha hataza mpaka 1800, na mafundi wengine wakazuiwa nayo, hilo sisifii.)

Sasa rudi huku. Mimi nachomelea vyuma Morogoro, vijana wananiletea michoro mizuri tu, mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukamua alizeti, tunaunda ya kwanza inatetemeka, beringi zinakufa, shafti imepinda kidogo tu na wa kukereza vizuri yuko mbali na bei yake sio ya mwanafunzi, kijana hela imeisha na baba ake anamwambia atafute kazi. Mashine ya pili haiji. Alafu mtu anakaa ofisini anaandika kijana mvivu wa kufikiri.

Kwahiyo mhariri naomba kitu kimoja, mwandishi wenu akienda Nane Nane akampiga picha kijana na mashine yake, amtafute tena mwaka unaofuata amuulize mashine iko wapi, nani kamlipia ya pili na shafti kakereza kwa nani. Gazeti la siku hiyo nitanunua mawili.

Fundi wa kuchomelea,
Morogoro