Kaka yangu, posa yangu na kipimo cha mate

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Kisauni, Mombasa. Mwezi ujao watu wa mchumba wangu wanaleta posa, na nyumbani hakulaliki.

Kaka yangu anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili. Ilimwanza akiwa na miaka 19. Alikuwa akivamia kwa jirani kuzima redio, akidai inamtaja jina. Siku hizi ametulia. Anadungwa sindano kila mwezi, mikono inamtetemeka kidogo, lakini feni ya mtu yeyote mtaani ikiharibika huletewa yeye. Mchumba wangu anayajua haya yote. Wakianza ubishi wa mpira wao wawili, mimi husahaulika.

Asiyejua ni mavyaa. Kwao, kama kwetu, kabla ya posa ukoo huchunguzwa: kuna kifafa? Kuna wazimu? Tetesi zimemfikia, na wifi yangu aliye Muscat ameleta dawa yake: nilipie kipimo cha jeni, yaani vinasaba, niteme mate kichupani, yasafirishwe ng'ambo, na majibu yakirudi "safi" mavyaa aonyeshwe karatasi.

Mambo ya mate si mageni kwangu. Miaka michache iliyopita watafiti wa jeni walifika kliniki anayotibiwa kaka, nikamsindikiza. Aliambiwa asile wala asinywe kitu kwa nusu saa, akanung'unikia chai yake iliyobaki kwenye thamosi, kisha akatema, akatema, mpaka povu likashuka na mate yakafika kwenye mstari. Niliuliza kama tutaletewa majibu. Yule dada mtafiti hakunificha: mate ya mtu mmoja hayasemi kitu, wao wanataka ya maelfu.

Tangu hapo nasoma kila ninachokipata. Mwaka 2022 wanasayansi waliolinganisha vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 76,000 na vya watu wasiougua walitaja sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. 287, Shangazi! Na kila moja huongeza hatari kidogo mno, kama punje ya chumvi kwenye sufuria ya pilau. Wewe na mimi hatukosi punje zetu. Zipo pia jeni kama 10 ambazo zikiwa na hitilafu hatari hupanda sana, ila wenye hitilafu hizo ni nadra. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua, si lazima mwenziwe augue. Kama nusu yao au zaidi hunusurika. Halafu wengi waliochunguzwa ni Wazungu na watu wa Asia Mashariki, ndiyo maana utafiti wa jeni za magonjwa ya akili uitwao NeuroGAP ukaja kukusanya mate Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Sasa hiyo maabara ya ng'ambo itanipima mimi kwa mizani ya nani?

Nilimuuliza daktari wa kaka kuhusu watoto nitakaojaaliwa. Akasema katika watu 100 huugua mmoja hivi. Wenye mjomba mgonjwa, katika 100 ni kama wanne. Mimi nikahesabu wale 96. Mavyaa najua atahesabu wanne.

Mchumba ananiambia, "Fanya tu, ni mate, tumnyamazishe mama." Hapo ndipo aliponiudhi. Karatasi ikiniita mimi safi, kaka atakuwa nani? Mama yangu naye ana lake: siku ya posa kaka apelekwe Malindi kwa mjomba, arudi wageni wakishaondoka.

Nishauri, Shangazi. Nimwendee mavyaa mwenyewe kabla ya siku, au nimwachie mchumba azungumze na mamake? Na nikikataa kipimo, si ndipo watakaposema nina la kuficha?

Kaka hajaambiwa habari za Malindi. Ameshafua kanzu yake, ameitundika nyuma ya mlango, na jana kaniuliza wageni watafika saa ngapi.

Dada Mtu,
Mombasa