Barua kwa Wazazi wa Kidato cha Tatu: Picha Achague Mwanafunzi

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Bagamoyo.

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAZI YA PICHA YA KIDATO CHA TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa hii baada ya chakula cha mchana. Ripoti ya maendeleo ya mwanao imo ndani ya bahasha hii, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake pamoja na salio la ada. Hisabati bado inatusumbua, na mwalimu wa somo ataanza vipindi vya ziada wiki ya kwanza ya muhula ujao. Nafasi iliyobaki nitaitumia kwa jambo ambalo limewaleta wazazi wengi ofisini kwangu mwezi huu, nalo ni ile kazi ya picha.

Mwalimu wa sanaa aliwapa wanafunzi mada moja: namna mji wetu unavyofanya kazi. Kila mmoja apige picha nyingi kadiri awezavyo, kisha awasilishe tano tu, na chini ya kila picha aandike sentensi mbili kueleza kwa nini ameichagua hiyo. Simu haziruhusiwi shuleni na hilo halijabadilika, kwa hiyo wametumia simu zenu jioni na siku za mapumziko. Nawashukuru kwa uvumilivu. Najua wapo waliokosa wateja kwa sababu simu ilikuwa ufukweni na mtoto.

Picha za awali zimekuja, nami nimekaa na mwalimu tukazitazama zote. Nyingi ni safi sana, na nyingi zinafanana sana. Ngome Kongwe kutoka mbele. Boma la Wajerumani kutoka mbele. Mnara wa kanisa la misheni, ule ambao mwili wa Livingstone ulipumzishwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja, nao kutoka mbele, pale pale wanaposimama watalii. Zilikuwemo pia picha za jua likizama baharini. Wazazi wangu, bahari yetu iko mashariki. Hapa jua linachomoza baharini na kuzama upande wa mashambani, kwa hiyo picha hizo zimetoka mtandaoni, na wenyewe wameshaambiwa wazitoe.

Tulipowauliza wanafunzi kwa nini wamechagua hizo, jibu lililorudi mara nyingi ni hili: baba amesema hii ndiyo nzuri, au dada amesema hizo nyingine nifute. Hapo ndipo nilipoona niandike. Kupiga picha kwa simu ya siku hizi ni kazi nyepesi, kidole tu. Alama nyingi ziko kwenye kuchagua, na anayepimwa ni mwanafunzi. Ukimchagulia, umemfanyia mtihani.

Nitoe mfano. Kijana mmoja alikwenda soko la samaki wakati wa mnada. Akapiga picha ya mvuvi ameinua nguru mkubwa, anatabasamu, samaki anang'aa. Akapiga na nyingine ambayo haikutulia vizuri: mikono ya wanunuzi imenyooshwa, mnadishaji amefumbua kinywa, na pembeni mama mmoja amegeuza uso na ndoo yake tupu. Nyumbani wote walisema apeleke ya nguru. Yeye akashikilia ya mikono, akaandika kwamba mama huyo ameshindwa bei na anaondoka kutafuta dagaa. Picha ya nguru inatuonyesha samaki, na samaki tunamjua. Ile ya pili inatuonyesha bei inavyopatikana na nani anaikosa, na hilo ndilo lililoulizwa. Ukungu kidogo wa mkono unaotembea hauharibu kitu hapo.

Sisemi kila picha mbovu ina siri ndani yake. Nyingine ni mbovu tu. Aliyepiga saa sita mchana atakuta kanzu zimekuwa weupe mtupu na nyuso zilizo chini ya kofia zimekuwa giza; arudi asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi, mwanga unapotoka baharini ukiwa umelala. Aliyevuta kwa mbali atakuta picha imechanika vidoa, kwa sababu simu nyingi zinakuza tu kile kilichokwisha kupigwa. Asogee kwa miguu. Na zile programu za kulainisha ngozi hatuzipokei kabisa; mama lishe wa miaka hamsini aonekane na miaka yake.

Katika likizo hii, mwanao atakapokaa kuchagua, msaada wako uwe wa maswali. Mwambie azitazame kwanza zikiwa ndogo, zote pamoja, aone ipi inamvuta macho kabla hajaikuza. Zikiwa tatu za mashua ile ile, mbili zitoke. Kisha aangalie kingo: kuna mguu wa mtu uliokatwa, kuna nguzo inayoota kichwani mwa babu? Tano zilizobaki zisiseme neno moja mara tano. Aliyekwenda Kaole ana msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye minara, na kila mtu anayo picha hiyo. Lakini mada ni kazi, basi yuko wapi anayefagia, anayekata majani, anayewatembeza wageni? Muulize hivyo, halafu umwache.

Lipo suala zito zaidi. Mama mmoja alinijia akiwa amekasirika, na nilimwelewa. Bintiye alipiga picha jiko la nyumbani, masufuria meusi na nguo zimeanikwa nyuma, akataka kuiwasilisha. Mama akasema, mwalimu, mtoto anatuanika. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za binti huyo. Hata hivyo nyumba ni ya mwenye nyumba, na mama akikataa jiko lake lisionekane shuleni, halitaonekana, wala mtoto hatapunguziwa alama. Huko ni kukataa, na ni haki yenu. Ila kukataa kunahusu picha za kwenu na za watu wenu. Picha ya fundi seremala wa Mji Mkongwe aliyekubali kupigwa, usiitoe kwa sababu tu karakana yake ina vumbi.

Kuhusu kukubali: tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na adabu. Mtu aombwe ruhusa, na aonyeshwe picha akitaka. Watoto wadogo hawapigwi bila mzazi kukubali, na hilo linawahusu watoto wa madrasa pia. Hospitali, kituo cha polisi na maeneo ya jeshi yaachwe. Na tafadhali, picha za watu zisipandishwe kwenye status. Zimepigwa kwa kazi ya darasa.

Msifute zisizochaguliwa. Mwalimu atataka kuona angalau ishirini zilizoachwa, kwa sababu humo ndimo anapoona mwanafunzi alivyofikiri. Kama simu imejaa, zihamishieni kwenye memori kadi. Mkizituma kwa WhatsApp, tumeni kama faili, maana zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na haziwezi kuchapishwa vizuri.

Msilipe studio. Shule itachapisha zile tano kwa kila mwanafunzi katika ukubwa wa postikadi, na zitabandikwa bwaloni siku ya kikao cha wazazi, Jumamosi ya pili baada ya kufungua, saa tatu asubuhi. Kila mwanafunzi atasimama karibu na picha zake kujibu maswali, kwa hiyo njooni nayo. Wavuvi na mama lishe waliopigwa wamealikwa, na wao wataingia kwanza. Wenye watoto wa bweni, nauli ya kurudi iwe imelipwa kabla ya Alhamisi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkuu wa Shule