Jibu la swali lako, Mwanaisha

York, Uingereza
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi, na za pekee zimfikie mama na watoto. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo inayonisumbua. Ile sauti uliyonitumia Jumatano nimeisikiliza mara tatu. Umeniuliza, "Hayo magari yasiyo na dereva mtajuaje kama ni salama? Si muyaendeshe tu mpaka watu waridhike?" Nilitaka kukujibu kwa sauti nikaona haitatosha. Hili ndilo swali ninaloamka nalo kila siku hapa chuoni, na mwalimu wa hesabu hajibiwi juu juu.

Nianze na hilo la kuyaendesha tu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa taasisi ya RAND huko Marekani, Nidhi Kalra na Susan Paddock, walipiga hesabu hiyohiyo. Katika takwimu walizozitumia, barabara za Marekani zilikuwa na vifo 1.09 kwa kila maili milioni 100. Sasa chukulia kwamba gari lako limetembea bila kuua mtu hata mmoja. Litembee umbali gani ndipo useme, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba si baya kuliko binadamu? Shika kalamu. Logi asilia ya 0.05, ukiondoa alama ya hasi, ni karibu 3. Gawanya kwa 1.09, zidisha kwa milioni 100. Unapata maili milioni 275, yaani kilomita zaidi ya milioni 440. Magari 100 yakitembea usiku na mchana mwaka mzima, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, yatamaliza safari hiyo baada ya miaka 12 na nusu. Na hapo ni bila kifo chochote. Kikitokea kimoja, umbali unaongezeka.

Halafu programu ya gari haikai vilevile miaka 12. Wahandisi wanairekebisha kila mara, na kila wakiigusa, zile maili za nyuma zinabaki kuwa za programu ya jana. Ni kama kumpa Hamisi leseni kwa mtihani alioufanya Juma.

Kwa hiyo kuna watu waliotafuta njia nyingine, ya kuthibitisha kama tulivyokuwa tukithibitisha jiometri. Ulipokwenda Dubai kwa dada yako ulipanda metro. Treni zile hazina dereva tangu zilipoanza mwaka 2009, nawe hukuniambia kwamba uliogopa. Ila mfano ninaoupenda mimi ni wa Paris, laini namba 14, iliyofunguliwa mwaka 1998. Programu inayolinda usalama wake iliandikwa kwa njia inayoitwa B, aliyoiasisi Mfaransa Jean-Raymond Abrial. Wahandisi hawakuanza na maagizo ya kompyuta. Walianza kwa kuandika, kwa lugha ya hisabati, mfumo unatakiwa ufanye nini na nini kisitokee kamwe. Kisha wakashuka hatua kwa hatua kuelekea kwenye programu yenyewe, na kila hatua ilidai uthibitisho kwamba haijavunja kile kilichoandikwa juu yake. Vilihitajika vithibitisho zaidi ya 27,000. Vingi vilifanywa na kompyuta, vilivyoishinda vikamalizwa na watu. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza sikulala. Nilikumbuka ile raha ya kupiga mstari chini ya jibu tukijua hakuna mwalimu atakayelipinga.

Lakini utaniuliza, mbona basi barabarani hawafanyi hivyohivyo? Kila uthibitisho una "chukulia kwamba" zake, shoga yangu, na Paris waliweza kuzijengea ukuta. Treni ile inapita kwenye njia ya chini ya ardhi. Kwenye jukwaa kuna milango ya vioo, haifunguki mpaka treni isimame mahali pake. Hakuna mtoto anayekimbilia mpira pale, wala mwenye mkokoteni. Hisabati ilikuwa na kazi ya kuusema ukweli wa ulimwengu mdogo uliofungwa pande zote. Barabara haifungwi.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Hapakuwa na kivuko pale alipopita. Gari la majaribio la kampuni ya Uber lilikuwa linakuja kwa kasi ya kama kilomita 70 kwa saa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri iligundua kwamba gari lilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Fanya hesabu, ni zaidi ya mita 100. Lakini kompyuta ilishindwa kuamua ni kitu gani. Mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na kila ilipobadilisha jina, ilifuta kumbukumbu ya mahali alipokuwa amepita, ikawa kama ndiyo kwanza inamwona. Kwa hiyo haikuweza kutambua kwamba yuko safarini, anavuka. Chini kabisa palikuwa na jambo zito zaidi. Mfumo ule haukutengenezwa kumfikiria mtu anayevuka nje ya kivuko. Mwangalizi aliyekuwa kwenye usukani alikuwa akitazama simu. Mwanamke yule akafa.

Nimeisoma ripoti ile mara nyingi, na kila nikifika hapo naona barabara ya kwenda sokoni. Sisi wawili tumevuka wapi maisha yetu yote? Mtu yeyote wa mtaani kwetu angekaa na wahandisi wale chumbani mwao siku moja tu, angesema, "Jamani, watu huvuka popote." Hapakuwa na ulazima wa kilomita milioni 440 kulijua hilo.

Hiyo ndiyo kazi ninayoisomea. Chuo hiki kina miaka mingi katika jambo linaloitwa hoja ya usalama. Kampuni haileti idadi ya maili peke yake. Inaleta hoja iliyoandikwa: gari hili ni salama mahali hapa, kwa sababu hii na hii, ushahidi ni huu, na tumechukulia kwamba mambo yako hivi. Kisha mtu mwingine, asiyelipwa kwa kuipenda, anakaa kuitafutia nyufa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2024 inataka usalama wa magari haya usiwe chini ya ule wa dereva makini mwenye ujuzi. Ni maneno mazuri, ila bado lazima mtu aonyeshe umakini huo unapimwaje, na mimi siamini kwamba namba moja itatosha.

Kazi yangu muhula huu ni zile "chukulia kwamba". Nazikusanya, naziuliza moja moja: nani amekuona? Itakuwaje siku ukiwa uongo? Juzi msimamizi wangu alinirudishia orodha yangu ya vitu vinavyoweza kuvuka barabara, akaniambia imekaa Kizungu mno. Nilinyamaza, maana alisema kweli. Nilikuwa nimeandika mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli, mwenye kigari cha mtoto, basi. Mimi, mtoto wa Tanga!

Ndiyo maana nina ombi. Wapeleke wale wanafunzi wako wa Kidato cha Tatu karibu na barabara ya stendi, mahali penye kivuli na usalama, wakae kwa muda wa saa moja asubuhi, na muda kama huo jioni. Wasihesabu. Waandike tu majina ya kila kinachovuka na kinavyovuka: mwenye sinia la samaki kichwani anayerudi kinyumenyume kwa sababu amemsahau mtoto, bajaji inayosukumwa, mbuzi aliyefungwa kamba na mwenye kamba yuko upande wa pili. Na muulize Hamisi, kwa miaka yake yote ya kuendesha basi, ni kitu gani kiliwahi kumshangaza barabarani. Aseme polepole, umrekodi.

Nitumie picha za madaftari kabla ya mwisho wa mwezi. Majina ya watoto uyafunike, ila miandiko yao niione.

Wasalaam,
shoga yako Zuhura