Barua kwa mdogo wangu aliyekataa kusaini hesabu ya uongo

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo, nawe nisalimie mkeo na watoto. Nashukuru kwa kuniruhusu kuiweka barua hii hadharani bila kutaja jina lako, kwa sababu yaliyokupata hayakukupata peke yako. Hapa Tanga wapo vijana wengi wa makanisa yetu wanaoyapitia hayo hayo wakiwa wamenyamaza, na pengine mmoja wao ataisoma kabla hajakata tamaa.

Nianze na lile ambalo watu hulipita haraka mno. Uliletewa karatasi ya kupokelea mzigo iliyoandikwa mifuko 600 ya saruji, na wewe mwenyewe ulikuwa umesimama nyuma ya lori ukihesabu hadi mfuko wa mwisho, ikafika 540. Dereva alikuwa ameshasaini, msimamizi alikuwa ameshasaini, ile nakala ya njano ilikuwa inangoja jina lako tu, na mgawo wako ulikuwa ndani ya bahasha iliyowekwa juu ya meza ya stoo. Ukaandika 540, ukasaini chini yake, na bahasha ukairudisha ilikotoka. Mwezi haukuisha ukapewa barua ya kuachishwa kazi.

Wanaosikia kisa hiki husema, "Hongera, umelishinda jaribu," kisha huendelea na shughuli zao kana kwamba jaribu liliishia pale stoo. Mimi sioni hivyo. Naona kwamba jaribu zito ndilo ulilonalo sasa: kuamka asubuhi ukiwa huna pa kwenda, ada ya mtoto inadaiwa, waliosaini wanakupita barabarani wakielekea kazini, na moyoni kuna swali usilotaka kulitamka mbele ya mkeo, la kwamba Mungu alikuwa wapi siku ile barua ilipoandikwa. Uliniambia pia kwamba sala imekuwa nzito, na kwamba umeacha kwenda jumuiya kwa kuwa umechoka kuulizwa kama umeshapata kazi. Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, kuliko hata habari ya kazi.

Luka anapomaliza kusimulia majaribu ya Bwana wetu kule nyikani, haandiki kwamba Ibilisi alishindwa akatoweka moja kwa moja. Anaandika kwamba alimwacha akaenda zake kwa muda. Ukiuweka mstari huo moyoni hutashangaa kuona kwamba siku za baada ya kushinda ni ngumu kuliko saa ya kushinda. Pale stoo ulikuwa na nguvu, kwa sababu jambo lilikuwa wazi na lilikwisha kwa dakika chache. Sasa hakuna bahasha ya kurudisha. Kuna siku zinazofanana, na katika kila moja unatakiwa kuendelea kuamini kwamba ulichokifanya kilikuwa chema ijapokuwa hakijakulipa.

Tumezoea kumhubiri Yusufu kwa haraka. Anamkimbia mke wa Potifa katika sentensi moja, na katika ya pili tumeshamvika pete ya Farao. Lakini Mwanzo inatuambia kwamba alikuwa na umri wa miaka 17 habari zake zilipoanza kusimuliwa, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Sehemu ya miaka hiyo aliila gerezani kwa kosa ambalo hakulitenda, na hata mnyweshaji wa Farao, ambaye Yusufu alimfasiria ndoto, akatoka akamsahau miaka miwili mizima. Ninalotaka ulisome taratibu lipo katika sura ya 39. Yusufu alipokuwa akistawi katika nyumba ya Potifa, Maandiko yanasema Bwana alikuwa pamoja naye. Na alipotupwa gerezani, Maandiko yanarudia neno hilo hilo, kwamba Bwana alikuwa pamoja naye. Mwandishi hakupunguza hata kidogo. Kama wewe unaupima ukaribu wa Mungu kwa mshahara unaoingia mwisho wa mwezi, basi sura hiyo itakusumbua, na ni vyema ikusumbue sasa.

Nimesikia pia kwamba kuna rafiki aliyekupeleka kwenye ibada moja, ukaambiwa kwamba umekwama kwa sababu hujapanda mbegu, na kwamba ukitoa fedha kwa imani mlango wa kazi utafunguka ndani ya siku chache. Nisamehe nikisema kwa ukali kidogo: usitoe hata shilingi kwa ahadi hiyo. Sadaka ni ibada na ni shukrani, na mama yetu alitufundisha kuitoa hata mwaka ambao machungwa ya Muheza yalikosa wanunuzi. Lakini mtu anayemuuzia muumini aliyeachishwa kazi tumaini la kurudi kazini, akijua kwamba fedha anazoomba ni za unga wa watoto, anafanya jambo baya, hata kama analifanya kwa jina la Yesu na kwa machozi. Tena mafundisho hayo yanakuumiza kwa namna ya pili, kwa sababu yanakufanya uamini kwamba uaminifu wako ulikuwa biashara na Mungu amechelewesha malipo.

Shadraka, Meshaki na Abednego hawakufanya biashara ya namna hiyo. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza maneno ambayo nakuomba uyashike kuliko yote ninayokuandikia: "Bali kama si hivyo." Hata asipotuokoa, hatutaisujudia sanamu. Mimi siwezi kukuahidi kwamba Mungu atakupa kazi nzuri kuliko ile; huenda atakupa, nami naiomba kila siku, lakini sijaagizwa kukuahidi. Wamisionari wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliofika Magila karibu na Muheza kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1860 na kuirudia kazi mwaka 1875 hawakuahidiwa hata kuishi, na misheni yao iliwazika wengi kwa homa, wengine wakiwa vijana wa umri wako. Bibi yetu alibatizwa katika kanisa ambalo baadhi yao hawakuliona likijaa.

Kuhusu wivu sitasema mengi, kwa sababu Asafu ameshayasema katika Zaburi ya 73 bila kuficha. Anakiri kwamba miguu yake ilikuwa karibu na kupotoka alipowaona wasio haki wakistarehe, akafika hata kusema kwamba amejisafisha moyo bure. Hayo ni maneno yako ya Jumapili iliyopita, na yamo ndani ya Biblia, yaani Mungu ameyasikia zamani na hakumfukuza aliyeyasema. Lakini angalia ni mahali gani mawazo ya Asafu yalipogeuka. Hayakugeuka alipokuwa amejifungia akiyatafakari peke yake. Anasema kufikiri kwenyewe kulikuwa taabu kwake, mpaka alipoingia katika patakatifu pa Mungu.

Ndiyo maana suala la jumuiya nalishikilia. Eliya naye, baada ya ushindi wa Karmeli, alikimbia akaketi chini ya mretemu akaomba afe, na kilio chake kikubwa kilikuwa kwamba amebaki peke yake. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa pamoja na gudulia la maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baadaye ndipo alipomwambia kwamba katika Israeli wamesalia watu 7,000 wasiompigia Baali magoti. Eliya alikuwa mkweli, ila hesabu yake ilikuwa imekosewa na uchovu. Nawe umechoka, mdogo wangu, kwa hiyo lala na ule, na usitoe hukumu juu ya Mungu usiku wa manane ukiwa hujala tangu asubuhi.

Kumbuka pia kwamba kabla ya hapo Eliya alilishwa na mjane wa Sarepta, mwanamke ambaye hakuwa hata wa Israeli. Mwenye nyumba wenu pale Ngamiani, mzee wetu yule Mwislamu, aliposikia sababu ya wewe kuachishwa alikuja mwenyewe mlangoni akakwambia kwamba fedha ya haramu hailei mtoto, na kwamba kodi ingoje. Uliniambia jambo hilo kama kitu cha aibu, kwamba sasa unaishi kwa kuhurumiwa. Mimi nililisikia kama mkate wa juu ya makaa. Kama ulikuwa unamngoja Mungu akujibu kwa njia ya kanisa tu, basi amekujibu kwa njia ya jirani, na jibu lake usilikatae.

Jambo moja la mwisho, ambalo watu wengine watalidhania si la kiroho. Kuvumilia hakukukatazi kudai haki yako. Paulo alipoona hatatendewa haki alikata rufani kwa Kaisari, na hakuna aliyemwambia kwamba amepungukiwa imani. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na siku hizo kwako bado hazijakwisha. Na kuhusu ile mifuko 60, ipo TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambayo simu yake ya bure ni 113, na tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa. Sikulazimishi katika hilo. Liombee, uzungumze na mkeo, kisha umuone padri, kwa sababu ni uamuzi ambao hupaswi kuubeba peke yako.

Alhamisi hii jumuiya inasali nyumbani kwetu Chumbageni. Nimekwisha kuwaambia akina mama kwamba mtu yeyote asikuulize habari za kazi, na wamekubali. Shemeji yako atakupitia saa kumi na nusu jioni. Ile barua ya kuachishwa uje nayo, pamoja na mkataba wako, ili sala ikiisha tukae mezani tuijaze fomu ya CMA.

Ni mimi dada yako.